Nguruwe wa Katoyi Alivyoingia Hewani

Mwaka ule mji wetu wa Goma ulipopata wakubwa wapya, redio yetu ilibaki wazi kwa sababu mkurugenzi wetu, dirikteri kama tulivyomwita, alikuwa bingwa wa kutosema. Redio nyingine zilinyamaza moja baada ya moja. Sisi, chumba na nusu juu ya duka la misumari kule Mabanga, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, tuliendelea kupumua. Karibu na mikro ya kutangazia dirikteri alikuwa amebandika karatasi yenye maneno ambayo mtangazaji hakuruhusiwa kuyatamka. La kwanza lilikuwa "vita". Likafuata "waasi", kisha "serikali", kisha "uwanja wa ndege". Kila wiki aliongeza neno. Kufika Desemba tulikuwa tumebaki na Yesu, hali ya hewa na vitu vilivyopotea. Hata hali ya hewa ilikuwa na masharti: hatukuruhusiwa kusema mawingu mazito yanatoka upande gani.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa asubuhi. Kabla ya hapo nilifundisha Kifaransa shule ya sekondari miaka kumi na moja, na kilichonifikisha redioni ni sauti yangu, ambayo mume wangu husema inapendeza zaidi ukiwa chumba kingine. Fundi wetu alikuwa muzee mmoja aliyekaa na jenereta miaka mingi hadi sikio lake la kushoto likafa. Ukitaka kumwambia jambo, ulizunguka upande wa kulia. Tulikuwa watatu tu, dirikteri, fundi na mimi. Dirikteri alivaa tai kila siku ya Mungu. Ukimwambia kwamba redioni hakuna anayemwona, alijibu kwamba msikilizaji anasikia tai.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, tukawa tunategemea jenereta iliyokaa uani juu ya mawe ya volkano, ikikohoa kama mgonjwa. Programu yetu ilikuwa moja tu, salamu za Noeli, kuanzia asubuhi hadi saa nane. Mwaka ule familia zilikuwa zimetawanyika hivi kwamba kila mtu alikuwa na mtu wa kusalimia: dada yuko Bukavu, kaka amebaki Rutshuru, watoto wako kwa shangazi Masisi na simu hazishiki. Watu walipanda ngazi zetu na vikaratasi, na dirikteri alivisoma kimoja kimoja, kalamu nyekundu mkononi. Mama mmoja aliandika, "Ninasalimia watoto wangu popote walipo." Dirikteri akafuta "popote walipo".

"Kwa nini, Dirikteri?" nikamwuliza.

"Msikilizaji atajiuliza kwa nini hawako nyumbani."

Saa mbili hivi alipanda ngazi mama mmoja mnene, mwenyeji wa upande wa Bukavu, aliyekuwa akiishi mtaa wa Katoyi. Nilimjua kwa sura. Tulisali parokia moja. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na kipande cha kamba ya nailoni, amekishika mbele yake kama mtu aliyeletewa mkono wa marehemu.

"Mama mutangazaji," alisema, "ngurube yangu imekata kamba."

Akatueleza akiwa amesimama. Nguruwe yule alimnunua akiwa mdogo kama paka, kabla ya mabaya kuanza. Alimlea katika mabaya yote. Watu wa Katoyi walipolala chini ya vitanda, nguruwe alilala nao. Chakula kilipoadimika, walikula majani ya viazi, na nguruwe akala mashina. Sasa dada yake alikuwa amefika kwa boti kutoka Bukavu na watoto watano, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na kesho yake asubuhi nguruwe alikuwa achinjwe. Saa kumi na mbili alikwenda kumwangalia akakuta kamba tu.

"Amejua," alisema. "Jana tuliongelea pilipili mbele yake."

Aliomba aseme mwenyewe kwenye mikro, lakini sheria ilikuwa kwamba mgeni haongei hewani. Basi tuliandika komunike, tangazo fupi, dirikteri akaisoma mara tatu akitafuta siasa, hakuiona, akapiga mhuri. Mama akashuka uani kusubiri habari karibu na jenereta, na mimi nikaisoma kwa sauti yangu ya huzuni, ile ninayotumia kwa misiba:

"Nguruwe jike amepotea. Ni mweusi, ana kidoa cheupe kwenye paji la uso. Amekata kamba. Ametoka Katoyi asubuhi hii, anaelekea upande wa Mabanga. Ukimwona, usimfukuze. Funga mlango, kisha utoe habari haraka."

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wakati ninaanza, jenereta ilikohoa. Umeme ulishuka kwa muda wa maneno matatu, ukapanda tena. Taa ya studio ilififia kidogo. Nilidhani ni macho yangu. Kwa hiyo mji wa Goma, uliokuwa ukiosha vyombo na kusuka nywele za Noeli, ulisikia mlio, kisha sauti ya mwanamke mwenye huzuni: "Ni mweusi, ana kidoa cheupe kwenye paji la uso. Amekata kamba. Ametoka Katoyi asubuhi hii, anaelekea upande wa Mabanga. Ukimwona, usimfukuze. Funga mlango, kisha utoe habari haraka."

Kwanza tulisikia mlango wa bati wa duka la misumari chini yetu ukishuka, gaaa! Kisha wa jirani yake. Kisha milango ikashuka mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, hadi sauti ikapotea mbali. Simu ya redio ikalia. Alikuwa mwanamke, anapumua kwa nguvu.

"Mutangazaji, niambie ukweli. Anakuja na wangapi?"

"Nani, mama?"

"Ule wa kidoa!"

Ndipo nikaelewa. Nilirukia mikro niwaambie watu ni nguruwe, nguruwe tu, na wakati huohuo jenereta ikazima kabisa. Fundi alikuwa ameizima mwenyewe asafishe chujio, kwa sababu ya kile kikohozi. Nilimpigia kelele kutoka dirishani, lakini alikuwa amegeuza sikio la kushoto. Basi redio iliyowaambia watu wafunge milango ikanyamaza, na ukimya wake ulidumu kama dakika ishirini. Ningekuwa nimekaa nyumbani nikiisikiliza, mimi pia ningeingia chini ya kitanda.

Fundi aliirudisha saa tatu na robo, ila kabla sijagusa mikro tulisikia viatu vizito kwenye ngazi. Mkubwa wa waaskari wa bariere, kile kizuizi cha barabara ya juu, aliingia, na wawili wake wakabaki mlangoni. Alikuwa mtu wa kiasi, mwenye miwani, na kwapani alibeba kaye, daftari la mistari, kama mwalimu mwenzangu.

"Nani alisoma ile komunike?" aliuliza.

Dirikteri alikuwa amenyoosha kidole kwangu kabla swali halijaisha. Sikumlaumu, ana watoto sita.

Leo ninasimulia nikicheka. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kwa ajili ya misa ya alasiri, na nilichoweza kufikiria ni kwamba kwa viatu vile sitafika hata kwenye ngazi. Mkubwa akakaa kwenye kiti cha wageni, akafungua kaye. Alikuwa ameandika maneno yangu yote.

"Mweusi, mwenye kidoa cheupe ku paji la uso," alisoma taratibu. "Ni nani?"

"Ni ngurube, Komanda."

Alinitazama juu ya miwani. "Ngurube ni jina lake la vita?"

"Hapana, Komanda. Ni ngurube wa kukula."

Akaandika. Nilichungulia: aliandika "wa kukula", akaweka alama ya kuuliza.

"Amekata kamba. Alikuwa amefungwa wapi? Na nani?"

"Nyuma ya jikoni. Na mama mwenyewe."

"Anaelekea Mabanga. Nani alimutuma?"

"Hakuna mutu alimutuma, Komanda. Aliogopa pilipili."

Hilo hakuliandika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, mimi nimepita sasa hivi ku njia. Hata mutu wa kuuza karanga amekimbia, ameacha karanga. Mabanga yote imefungwa kwa dakika kumi. Sisi tukitaka kuifunga, tunahitaji siku mbili. Sasa unaniambia hii yote ni kazi ya ngurube?"

Katikati ya hofu yangu nilihisi kidogo kwamba ananisifu.

"Komanda," nikasema, "mwenye ngurube yuko chini, uani. Umuulize."

Mama wa Katoyi akaitwa. Aliingia na kamba yake, akamwona Komanda na watu wawili wenye bunduki mlangoni, na badala ya kuogopa akapata tumaini.

"Ah, asante Mungu! Kumbe ni wewe uko naye?"

"Mama, mimi siko na ngurube," Komanda alisema, akijivuta kidogo nyuma. "Sisi kwetu tunasali Sabato, siku ya posho. Hatukulake ngurube. Hata waaskari yangu nimewakataza. Ku bariere yangu ngurube haiwezi hata kupita."

Mama akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuhusu ugonjwa. Kisha akaanza kumweleza nguruwe wake: masikio, mkia, jinsi anavyopenda kukwaruzwa mgongoni kwa kigunzi, jinsi anavyoitika akiitwa.

"Anaitika?" Komanda akauliza.

"Kuliko watoto wangu."

Komanda akafikiri. Niliona wazo likiingia usoni mwake, na sikulipenda. "Basi muite," alisema. "Hapa, ku radio. Watu wote wasikie ni ngurube. Na mimi nisikie."

Dirikteri, ambaye muda wote alikuwa amesimama karibu na ukuta kama trei moja ya mayai, akakohoa. "Komanda, samahani, sheria inakataza mgeni kuongea moja kwa moja."

"Nani aliweka ile sheria?"

"Ninyi, Komanda."

"Nimeitoa. Dakika mbili."

Tukampa mama kiti. Aliweka kamba begani, akaisogelea mikro, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyezaliwa studioni. Aliwaambia watu wa Mabanga wafungue milango, hakuna kitu, ni ngurube yake tu. Akamsalimia dada yake aliyekuwa nyumbani akimenya ndizi. Akawasalimia watoto wake wawili, akasema hajui wako wapi, ila popote walipo wale vizuri Noeli. Dirikteri alifumba macho. Hakuna aliyemkatiza. Hata Komanda aliangalia kaye yake.

Kisha mama akavuta pumzi, akaita.

Siwezi kuiandika ile sauti. Ilianza chini, "kwi, kwi, kwi," ikapanda hadi mshale wa mashine yetu ukagonga mwisho na kukaa hapohapo. "Njoo mama! Njoo kula, mama yangu! Kwiii!" Fundi wetu anaapa kwamba ndiyo sauti pekee ambayo sikio lake la kushoto limewahi kuisikia tangu life.

Wakati huo Komanda alikuwa amempigia simu msaidizi wake kwenye kizuizi, amwambie watu wameanza kutoka au bado. Simu ilikuwa kwenye spika, sote tukisikia. Nyuma ya sauti ya msaidizi tuliisikia redio yao, na ndani ya redio mama akiita. Mama akanyamaza kuvuta pumzi. Na ndani ya simu, kutoka kwenye kizuizi, kukatoka mlio mrefu wa nguruwe anayejibu.

"Ni nini hiyo?" Komanda akauliza.

"Ni radio, Komanda," msaidizi akajibu haraka.

"Radio niko nayo hapa. Imenyamaza."

Nguruwe akalia tena, kwa uchungu zaidi. Nikafunga mikro, mama akasimama, mikono kichwani. "Ni yeye! Ni yeye!"

"Sema ukweli," Komanda alisema kwenye simu, taratibu sana.

"Komanda… ilikuja yenyewe. Asubuhi. Ilikaa tu. Tuliiweka nyuma ya lori sababu tunajua wewe haupendi kuiona."

Komanda akakata simu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Waaskari wawili mlangoni walikuwa wakiangalia dari kwa bidii kubwa, na nikajua kwamba nao walihesabiwa katika karamu iliyopangwa nyuma ya lori. Mimi nilianza kuogopa upya. Mtu mwenye hasira unaweza kumwomba msamaha, lakini mwenye aibu hajui akupeleke wapi.

"Watu wote wamesikia?" aliuliza hatimaye.

"Wamemusikia mama tu, Komanda," nikasema. "Simu yako haikufika ku mikro."

Akapumua. "Sasa mutasoma komunike ingine. Itasema nini?"

Hapo ilianza kazi ya kuandika ambayo sijawahi kuiona tena. Tulikaa watu wanne kuzunguka karatasi moja. Dirikteri alipendekeza, "Nguruwe ameokolewa na walinzi wa usalama." Komanda aliipenda kwa nusu dakika, kisha akakumbuka watu wa kanisa lake. "Wataniuliza nilikuwa ninafanya nini na ngurube." Akapendekeza mwenyewe, "Nguruwe amerudi kwa hiari yake." Mama akakataa.

"Mimi sisemi uongo mukesha wa Noeli," alisema. "Na yeye hawezi kurudi kwa hiari. Anajua pilipili inamungoja."

Dirikteri akafuta, akaandika, akafuta. Karatasi ilianza kutoboka. Ndipo miaka yangu kumi na moja ya ualimu ikanisaidia.

"Tuandike, 'Nguruwe amepatikana.'"

Komanda akainua macho. "Amepatikana na nani?"

"Sentensi haisemi, Komanda."

"Inaruhusiwa?"

"Ni sarufi."

Akairudia polepole, midomo ikisogea, kama mtu anayejaribu kiatu. Amepatikana. Amepatikana. Nikaona mabega yake yakishuka. Aliiandika kwenye kaye, akaipigia mstari, akanisalimia kwa mkono. Mlangoni aligeuka akaniuliza kama katika sarufi kuna njia ya kusema hivyo pia kuhusu mafuta ya gari. Nikamjibu kwamba njia ni ileile.

Niliisoma saa nne kamili, jenereta ikiwa nzima, fundi ameishika kwa mikono miwili. "Nguruwe amepatikana. Yuko salama. Noeli njema kwa wote." Milango ya bati ikaanza kupanda. Muuza karanga akarudi akakuta karanga zake zimepungua kidogo, na kila aliyekuwa karibu alikuwa anatafuna.

Nguruwe aliletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, amefungwa juu yake, waaskari wawili wakisukuma na mmoja akitangulia kusafisha njia. Watu wa Mabanga walitoka kumtazama aliyewafungisha milango. Walipiga vigelegele. Mama alimkagua mdomo, masikio na tumbo, akanigeukia.

"Wamemupa viazi," alisema. "Angalia meno. Wamemulisha vizuri."

Misa ya mkesha ilisaliwa saa tisa mchana, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyetembea giza likiingia. Padri alihubiri juu ya malaika waliopeleka habari kwa wachungaji, akasema habari njema itolewe kwa utulivu, isiwatie watu hofu. Hakunitazama. Parokia nzima ilinitazama kwa niaba yake.

Watu huniuliza kama tulimla. Tulimla. Mama hakuwa mtu wa kulea nguruwe mwaka mzima kwa majani ya viazi kisha amwonee haya kwa sababu ya redio. Alichinjwa Noeli saa moja asubuhi, na saa sita nilikuwa uani kwa mama yule kule Katoyi, pamoja na mume wangu, dada wa Bukavu na watoto wake watano, ndizi, sombe ya majani ya muhogo, na nyama iliyokuwa na mafuta kiasi cha kung'arisha vidole. Dirikteri alikuja na tai. Fundi alikaa upande ambao sikio lake zima lilielekea sufuria.

Tulipokuwa tumekula hadi kunyamaza, mama alichukua majani ya mgomba, akafunga mafungu manne makubwa ya nyama na ndizi, akavaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Ku bariere," alisema. "Walimulisha mutu wangu asubuhi yote. Na wao mama yao hawako hapa."

Nilimsindikiza. Komanda hakuwepo, alikuwa amekwenda kusali kwa rafiki yake. Waaskari wanne walipotuona walisimama wima, wakidhani tumekuja kulalamika. Mama akafungua jani moja, harufu ikatoka. Waliangalia barabara kushoto, wakaangalia kulia, kisha wakatuvuta nyuma ya lori, wakala wamechuchumaa, bunduki magotini. Yule msaidizi wa simu alilamba vidole vyote kumi, akapangusa mdomo kwa mkono wa koti, akamshika mama mkono.

"Noeli njema, mama," alisema. Kisha akanigeukia mimi, macho yamemtoka. "Lakini wewe, tafazali, usiseme ku radio."